Binti akitaka kusomea uhalifu, mzazi asitimue mbio

JUMAMOSI moja mwezi uliopita nilikuwa nimeketi nje ya nyumba nikichambua sukuma wiki, mama mmoja jirani yangu alipobisha hodi langoni. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Chai hakutaka. Aliketi kwenye kigoda, akatoa barua iliyokuwa ndani ya bahasha na kunikabidhi bila kusema neno.

Barua ilikuwa ya kumwita binti yake kitinda mimba chuo kikuu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada inayounganisha mafunzo mawili: kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, na saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za binadamu. Nikampongeza. Badala ya kutabasamu, mama alishusha pumzi.

"Babake amekataa katakata," akasema. "Anasema hawezi kuuza ng'ombe ili mtoto wa kike akasomee wezi. Anasema nyumba yetu imewajua wezi vya kutosha. Zimebaki wiki tatu tu karo ilipwe. Wewe ndiwe huandika gazetini. Hebu niambie, mwanangu, haya ni masomo ama ni mchezo?"

Mpenzi msomaji, maneno hayo ya "nyumba yetu imewajua wezi" yana kisa chake, nami nimepewa idhini na mama huyu kukisimulia bila kutaja majina. Kifungua mimba wake alikamatwa akiwa na umri wa miaka kumi na sita, pamoja na wavulana wenzake, kwa kuvunja kioski na kumjeruhi mwenye kioski. Akapelekwa shule ya kurekebisha tabia za vijana, akakaa miaka mitatu. Amerudi nyumbani sasa ni mwaka wa pili. Babake hamtaji kwa jina. Akimtaka atasema, "Mwambieni yule."

Nilimwomba mama anitumie binti mwenyewe. Alikuja jioni ile ile, msichana mpole, macho chini. Nikamuuliza ni kwa nini hakuchagua ualimu au uuguzi kama wenzake. Alinijibu hivi: "Mimi na ndugu yangu tulilala chumba kimoja na kula sufuria moja. Tulichapwa na mama mmoja na kwenda kanisa moja. Nataka kujua kwa nini yeye na si mimi."

Nimezunguka huku na huko katika kazi hii ya uandishi, lakini sijasikia mtu akieleza mafunzo hayo mawili vizuri kuliko msichana huyo. Swali lake ndilo hasa wataalamu wamekuwa wakilitafutia jibu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Yalikoanzia

Mafunzo haya yana umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1764 Mwitaliano aliyeitwa Cesare Beccaria aliandika kitabu akilaumu mateso na adhabu za kikatili za zama zile. Alisema kinachomzuia mtu kutenda kosa si ukali wa adhabu bali ni uhakika wa kwamba ataadhibiwa. Ukitazama vizuri, hoja hiyo ingali inajadiliwa hata leo katika mabunge yetu.

Baada yake, mwaka wa 1876, Mwitaliano mwingine, daktari Cesare Lombroso, alitangaza kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba unaweza kumtambua kwa umbo la taya, masikio na fuvu la kichwa. Alipima vichwa vya wafungwa kwelikweli. Alikosea, na wanafunzi hufundishwa habari zake ili wajue jinsi msomi anavyoweza kupotea na kupoteza wengine. Hata hivyo, usimcheke sana Lombroso. Ni mara ngapi tumesikia mtu kijijini akisema, "Yule hata ukimtazama macho unajua ni mwizi"?

Huku Ujerumani, mwaka wa 1879, Wilhelm Wundt alifungua mjini Leipzig maabara ya kuchunguza akili ya binadamu kwa majaribio. Hapo ndipo saikolojia ilipoanza kutembea kwa miguu yake kama sayansi.

Sasa basi, mafunzo haya yanatofautiana vipi? Kwa ufupi, mwanakriminolojia hutazama kijiji na mwanasaikolojia hutazama mtu. Wa kwanza atauliza ni kwa nini mtaa huu una wizi kuliko ule, sheria zinatungwa na nani, na kwa nini mwizi wa kuku huenda jela ilhali mwizi wa kalamu hupanda cheo. Usidhani hili la mwizi wa kalamu ni porojo zangu. Mwaka wa 1939 Mmarekani Edwin Sutherland aliwaambia wasomi wenzake wazi kwamba walikuwa wamewaandama maskini na kuwasahau waheshimiwa waliovaa tai. Sutherland huyo huyo alifundisha kwamba uhalifu hujifunzwa kutoka kwa wale mtu anaoshinda nao, kama vile mtoto anavyojifunza lugha.

Mwanasaikolojia naye atauliza: katika vijana kumi walioshinda pamoja kwenye kona ile ile, ni kwa nini watatu tu ndio walioiba? Hasira zao zikoje? Walipokuwa wadogo, walilelewa vipi? Ukisoma moja bila nyingine, utakuwa kama mtu anayetazama kwa jicho moja. Ndiyo sababu vyuo vingi, hasa vya Uingereza, huyafundisha pamoja katika shahada moja.

Macho nayo hudanganya

Niliporudi kumwona mama na mumewe siku ya Jumatano, nilianza na jambo linalomgusa kila Mkenya: ushahidi wa macho. Sote tumewahi kusikia mtu akipiga ukemi, "Mwizi! Mwizi!" na kabla hujavaa viatu, umati umekwisha kumzunguka kijana na mawe mikononi. Ni nani aliyemwona? Alimwona vipi? Hakuna anayeuliza.

Mwaka wa 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za magari yakigongana. Baadaye waliwauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Wengine waliulizwa kasi ya magari "yalipopondana", na wengine "yalipogusana". Filamu zilikuwa zile zile. Lakini walioulizwa kwa neno la kupondana walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa, nao walioulizwa kwa neno la kugusana wakakadiria karibu maili 32. Katika jaribio la pili, wanafunzi wengine waliulizwa baada ya wiki moja kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hata hivyo, katika wanafunzi 50 walioulizwa kwa lile neno kali, 16 walisema walikiona.

Yaani neno moja tu la mwulizaji huweza kupenya akilini mwa shahidi na kugeuka kumbukumbu. Na shahidi hasemi uongo. Anaamini anachokisema.

Kisa cha Ronald Cotton wa jimbo la North Carolina huko Marekani ni ushahidi tosha. Mwaka wa 1984 mwanafunzi mmoja, Jennifer Thompson, alibakwa usiku nyumbani mwake. Wakati wa unyama huo alijikaza kuutazama uso wa yule mtu ili amtambue baadaye. Polisi walipomwonyesha picha, alimchagua Cotton. Walipompangia watu kwenye gwaride, alimchagua Cotton tena. Mwaka wa 1985 Cotton akahukumiwa. Katika kesi ya pili, mwaka wa 1987, mbakaji halisi aliletwa mahakamani mbele ya mama huyo, naye akasema hajawahi kumwona. Ilichukua hadi mwaka wa 1995 ndipo uchunguzi wa chembechembe za DNA ulipoonyesha ukweli na Cotton akaachiliwa, akiwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka kumi. Cha kustaajabisha ni kwamba wawili hao walisameheana, na mwaka wa 2009 walitoa kitabu pamoja.

Mahakama za huku kwetu nazo zimeijua hatari hii tangu zamani. Mwaka wa 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshtakiwa katika mazingira magumu sharti upimwe kwa uangalifu mkubwa. Kesi ya Roria ya mwaka wa 1967 ilirudia onyo hilo, na mawakili wetu huzitaja kesi hizo mbili hadi leo. Majaji walijua kwa uzoefu. Wanasaikolojia walikuja kueleza sababu.

Mzee alikuwa amesikiliza haya yote akichonga mpini wa jembe. Hakusema kitu, lakini kisu kilikuwa kimesimama.

Vitisho havimtengenezi mtoto

Jambo la pili lilihusu malezi. Wazazi wengi tuna desturi ya kumtisha mtoto mtukutu: "Nitakupeleka kituo cha polisi wakulaze ndani, utajua dunia." Wako hata wanaotimiza. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, walianzisha mpango kama huo katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey. Vijana watukutu walipelekwa kuwaona wafungwa wa vifungo virefu, ambao waliwafokea na kuwaeleza uchungu wa jela. Filamu yake ya mwaka wa 1978 ilipendwa mno na majimbo mengine yakaiga.

Watafiti walipolinganisha vijana waliopelekwa na wenzao ambao hawakupelekwa, waligundua kwamba vitisho havikusaidia. Kwa jumla, waliopelekwa walielekea kutenda makosa zaidi, si machache zaidi. Bila watu waliosomea mambo haya na kupima matokeo kwa hesabu, watoto wangeendelea kudhuriwa na watu wenye nia njema.

Ni kipi basi kinachosaidia? Hapa barani kuna mfano wa kujivunia. Mjini Monrovia, nchini Liberia, watafiti waliwachukua wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na fujo. Baadhi yao walipewa mafunzo ya wiki nane ya kutawala hasira, kufikiri kabla ya kutenda na kubadili jinsi wanavyojiona. Wengine walipewa dola 200. Wengine wakapewa vyote viwili, na wengine wakaachwa bila kitu ili kulinganishwa. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 2017. Pesa peke yake hazikuwabadilisha kwa muda mrefu. Mafunzo peke yake yalisaidia kisha nguvu zake zikafifia. Lakini waliopata mafunzo pamoja na pesa walipunguza uhalifu sana, na walipotafutwa tena baada ya miaka kumi, badiliko lilikuwa lingalipo.

Tazama jinsi mafunzo hayo mawili yanavyokutana hapo. Saikolojia ilitengeneza akili ya kijana. Kriminolojia ilitambua kwamba kijana huyo huyo akirudi mtaani mikono mitupu, mtaa utammeza tena.

Kwa nini yeye na si mimi?

Sasa nirudie swali la binti. Mwaka wa 1961 watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge walianza kuwafuatilia wavulana 411 wa mitaa ya kusini mwa London, wenye umri wa miaka minane na tisa. Waliendelea nao hadi walipokuwa watu wazima wenye mvi. Takriban watu wanne katika kila kumi walipatikana na hatia ya kosa fulani maishani. Lakini kundi dogo sana, kama watu saba katika kila mia, ndilo lililotenda takriban nusu ya makosa yote. Dalili zilionekana mapema: umaskini wa familia, malezi makali au ya kutojali, mzazi aliyefungwa, mtoto asiyetulia na anayeshindwa na masomo. Hakuna moja kati ya hizo iliyokuwa hukumu. Zilivyozidi kurundikana juu ya mtoto mmoja ndivyo hatari ilivyozidi.

Mwaka wa 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya utafiti wake na kundi la watoto 1,037 wa mji wa Dunedin, New Zealand, alieleza kwamba kuna aina mbili za vijana wakosaji. Wako wachache ambao utukutu wao huanza utotoni na kuendelea. Na wako wengi ambao huingia katika makosa wakati wa ujana, wakivutwa na marafiki na hamu ya kuonekana watu wazima, kisha huacha.

Niliposema neno hilo "huacha", mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Huacha kwa nini?" akauliza.

Nilimweleza yale waliyoyapata Robert Sampson na John Laub, waliochambua maisha ya wavulana wakosaji 500 wa Boston hadi walipokuwa watu wazima. Kazi ya kudumu na ndoa yenye upendo ndizo zilizowageuza wengi. Kwa maneno mengine, mtu wa kushikamana naye na kitu cha kupoteza.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, akimtazama mkewe na si mimi, "Yule nimekaa naye mwaka mzima na zaidi, sijampa hata jembe."

Kabla hujauza ng'ombe

Mpenzi msomaji, nisingependa ufikiri kwamba shahada hii ni mlango wa dhahabu. Mzazi anayetoa jasho lake ana haki ya kuambiwa ukweli.

Kwanza, si kazi ya kufukuza wauaji kama katika sinema. Sehemu kubwa ya masomo ni kusoma, kuandika insha, na hesabu za takwimu ambazo huwatoa wengi machozi. Binti asiyependa hesabu na ajiandae.

Pili, shahada hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia. Hapa Kenya, sheria ya mwaka wa 2014 inayohusu washauri na wanasaikolojia inataka mtu asajiliwe na bodi kabla ya kutoa huduma. Huko Uingereza, jina la mwanasaikolojia wa masuala ya uhalifu linalindwa na sheria, na mtu hulipata baada ya kusoma na kufanya mazoezi kwa miaka mingine baada ya shahada ya kwanza. Kwa hivyo uliza chuo mapema: Je, nusu ya masomo ni saikolojia? Yanatosha mwanangu kuendelea na shahada ya pili? Kuna mafunzo ya nyanjani? Je, kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Kumbuka pia kwamba vyuo vyetu vingi huunganisha kriminolojia na masomo ya usalama badala ya saikolojia, kwa hivyo soma barua vizuri usije ukalipia usichokitaka.

Tatu, kazi ziko lakini hazimngojei mtu mlangoni. Wako maafisa wa probesheni, wanaomwandikia hakimu ripoti kuhusu maisha ya mshtakiwa kabla ya hukumu. Wako maafisa wa watoto, wa magereza, na wale wa taasisi kama Shikusa na Shimo la Tewa zinazopokea wavulana wakosaji. Kiko Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1997. Yako mashirika yanayowahudumia waliobakwa na waliopigwa majumbani, na benki zinazopambana na matapeli. Nafasi zenyewe hugombaniwa, na atakayefika ni yule aliyejitolea kufanya kazi likizoni tangu mwaka wa kwanza.

Nne, masomo haya yana uzito moyoni. Mwanafunzi atasoma habari za ubakaji na mauaji, na huenda akajikuta akisoma habari za nyumba yao wenyewe. Mzazi asimwache peke yake na mambo hayo.

Lakini manufaa yake ni makubwa kwa taifa. Hebu fikiri: hadi juzi sheria yetu iliweza kumshtaki mtoto wa miaka minane. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 ilipandisha umri huo hadi miaka kumi na miwili. Je, mtoto hujua ubaya wa kosa akiwa na umri gani? Swali kama hilo halijibiwi kwa kupiga meza bungeni. Linahitaji watu wanaoijua akili ya mtoto na wanaojua pia njia za mahakama.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Binti huyu ameuliza swali ambalo sisi sote katika kijiji kile tuliogopa kuliuliza, tukaona heri kunyamaza na kunyoosheana vidole. Kunyamaza hakukumrekebisha kijana wala hakukumponya babake.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya mnada. Asubuhi na mapema niliwaona wakipita barabarani, mzee mbele na nyuma yake kijana akimswaga yule ng'ombe. Hawakuwa wakizungumza sana. Lakini walipofika kwenye kivuko na ng'ombe akagoma, nilimsikia mzee akiita mtu kwa jina.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.